Akii-Bua, bingwa aliyekimbia hadi kambini

KWA wanafunzi wangu hapa Old Kampala, John Akii-Bua ni jina la barabara iliyoko Nakasero. Wawili watatu wanajua kwamba mjini Lira kuna uwanja wa michezo wenye jina hilo. Ukiwauliza bingwa wa Olimpiki wa Uganda ni nani, watakutajia bila kusita Stephen Kiprotich, Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai. Siwalaumu. Hao wamewaona kwenye televisheni.

Lakini kabla ya Kiprotich kushinda marathoni ya London mwaka 2012, Uganda ilikaa miaka 40 na medali moja tu ya dhahabu ya Olimpiki. Medali hiyo ililetwa na askari polisi kutoka Lango mwezi Septemba 1972, mwaka ambao Mganda hakuwa na mengi ya kushangilia. Miaka saba baadaye askari huyo alikuwa ndani ya kambi ya wakimbizi nchini Kenya, akipanga foleni kama wengine.

Habari zake zinanigusa kwa sababu mwaka huohuo wa 1979 mimi nilivushwa mpaka wa Malaba nikiwa mgongoni mwa mama. Baba alikuwa karani serikalini. Hakuwahi kushika bunduki, ila mshahara wake ulitoka kwa serikali ya Idi Amin, na siku zile hilo lilitosha kumfanya mtu asilale. Nilisoma Kenya tangu darasa la kwanza hadi chuo cha ualimu. Shuleni watoto wenzangu walituita watoto wa Amin. Lakini alikuwako mwalimu mmoja wa michezo ambaye kila akiwasikia aliwanyamazisha kwa kuwaambia kwamba sisi ni watu wa kwa Akii-Bua. Hivyo nilimjua bingwa huyu nikiwa ugenini, kabla sijaijua Kampala yenyewe.

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu, mwenye wake wanane na watoto 43. Msomaji asidhani mpiga chapa amekosea tarakimu. Katika boma la namna hiyo mtoto hujifunza mapema kwamba chakula hakimsubiri mtu, na kwamba mwenye mbio ndiye anayekuta kitu chunguni.

Michezo ilikuwa ndani ya ukoo. Kaka yake, Lawrence Ogwang, aliiwakilisha Uganda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, katika kuruka kwa hatua tatu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Uganda kupeleka timu Olimpiki, nchi ikiwa bado chini ya Waingereza. Kwa hiyo kijana yule wa Abako alipokuwa akikua, habari ya mtu wa nyumbani kwao kuvuka bahari kwa ajili ya miguu yake haikuwa hadithi ya kubuni.

Baba alifariki John akiwa kijana mdogo na masomo yakaishia hapo. Alifanya kazi kwenye baa ya ndugu yake kwa muda, kisha akaja Kampala na kujiunga na polisi. Polisi ya Uganda ya miaka ile ilipenda sana michezo. Ilitoa mabondia, warusha mikuki na wakimbiaji, na kijana mwenye mwili mzuri alitafutiwa mchezo kabla hata hajazoea buti zake. Lugha ya kambi zake ilikuwa Kiswahili. (Lugha hiyo ndiyo ninayoifundisha leo, na bado wapo wazazi wa Kampala wanaoiona ni lugha ya askari na wezi. Hilo ni somo la siku nyingine.)

Polisi ndiko alikokutana na Jerom Ochana, afisa aliyekuwa akishikilia rekodi ya Afrika ya yadi 440 kuruka viunzi. Ochana alimfundisha kwa ukali. Aliweka ufito juu ya kiunzi, ule unaotumiwa na warukaji wa juu, ili kijana apite katikati, kichwa kikiwa kimeinama. Ukisahau kuinama, unalipa kwa paji la uso. Akii-Bua alilipa mara kadhaa, damu ikamtoka, na akajifunza kupita chini.

Mwaka 1968 alifika Mwingereza, Malcolm Arnold, kuwa kocha wa taifa wa riadha. Arnold alikuwa bado kijana na jina lake halikujulikana. Miaka mingi baadaye angekuja kumfundisha Colin Jackson, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 110 viunzi mwaka 1993, lakini bingwa wake wa kwanza alimpatia Kampala. Akii-Bua wakati huo alikuwa akikimbia viunzi virefu vya mita 110. Arnold alimwangalia na kuona kwamba kijana ana nguvu na pumzi kupita mbio hizo fupi, akamshawishi ahamie mita 400.

Kwa wasiozijua mbio hizi, niseme kidogo. Mkimbiaji anazunguka uwanja mara moja na kuruka viunzi 10, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimeta 91.4. Hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45, kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35, na kutoka cha mwisho hadi utepe ni mita 40. Hesabu ya hatua ni kila kitu. Anayechoka hatua zake hufupika, na zikifupika anajikuta amefika kwenye kiunzi na mguu asiouzoea. Wengi huvunja mwendo hapo na shindano likawatoka. Akii-Bua aliweza kuruka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto, na faida hiyo haionekani kwa mtazamaji mpaka viunzi vitatu vya mwisho, wengine wanapoanza kuyumba.

Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola na kumaliza wa nne. Aliyeiletea Uganda fedha katika mbio zilezile alikuwa William Koskei, mzaliwa wa Kenya, ambaye baadaye alirudi kuikimbilia Kenya. Ndivyo mipaka yetu ilivyo. Watu hupita huku na huko, na mara nyingine hata medali hupita nao.

Mwaka uliofuata, Julai 1971, timu ya Afrika ilipambana na Marekani mjini Durham, North Carolina. Uwanja uliotumika ni wa chuo kikuu, ambao wenyewe huutumia kwa soka la Kimarekani, ule mchezo wa majitu yenye kofia za chuma na mabega ya kuvimbisha. Akii-Bua alikimbia pale kwa sekunde 49.0, muda ambao hakuna mtu duniani aliyeufikia mwaka ule. Wamarekani walianza kuuliza jina hilo linaandikwaje.

Arnold alizidisha mazoezi. Alimvalisha fulana nzito yenye vyuma na kumkimbiza mita 1,500 akiruka viunzi, tena vile virefu vya mita 110. Viunzi vya kawaida vilimjia baadaye kama vimekatwa miguu.

Hapa inabidi nimwache bingwa kidogo, maana huwezi kuielewa dhahabu ya 1972 bila kuielewa Kampala ya 1972.

Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda. Walipewa siku 90, mwisho tarehe 8 Novemba. Kilima hiki cha Old Kampala kilikuwa chao kwa sehemu kubwa. Ukipita leo kwenye nyumba kongwe utaona juu ya milango majina ya Kihindi na miaka ya ujenzi, yamechongwa kwenye saruji na hayafutiki hata ukipaka rangi mara ngapi. Wenye majina hayo walifunga masanduku na kushuka kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe. Maduka na nyumba viligawiwa. Mwaka huohuo kilele cha kilima, pale Kapteni Lugard alipojenga ngome yake mwaka 1890, kilitolewa kwa Waislamu kwa ajili ya msikiti mkuu. Ujenzi ulianza, ukakwama kwa miaka mingi, na ukamalizwa kwa fedha za Libya katika muongo wa kwanza wa karne hii.

Huko kambini mambo yalikuwa mabaya zaidi, ingawa hayakutangazwa redioni. Tangu Amin alipompindua Milton Obote Januari 1971, askari wa Kilango na Kiacholi walikuwa wakiuawa. Obote alikuwa Mlango. Akii-Bua naye alikuwa Mlango, mwenye sare, katika mji ambamo kuwa Mlango mwenye sare kulikuwa sababu ya kutosha ya kutoweka. Akiwa katika hali hiyo ndipo alipopanda ndege kwenda Munich.

Fainali ilikuwa Jumamosi, tarehe 2 Septemba 1972. Alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali na kila mrukaji wa viunzi huiogopa. David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Mexico 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, alikuwemo. Ralph Mann wa Marekani alikuwemo.

Hemery alitoka kama mshale. Alipita nusu ya kwanza kwa kasi kuliko alivyofanya Mexico, na kwa mtu aliyezoea kuangalia mbio, Mwingereza alikuwa amekwisha kushinda. Wa njia ya kwanza ana shida na faida yake: mwanzoni anawaona wote mbele yake. Akii-Bua aliwaona na hakubabaika. Kwenye kona ya mwisho akaanza kuwala mmoja mmoja. Alipoingia kwenye mstari ulionyooka Hemery alikuwa amechoka, hatua zake zimefupika, na Mganda alikuwa akiruka kana kwamba ndiyo kwanza ametoka nyumbani.

Muda wake ulikuwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia. Alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Mann alipata fedha kwa 48.51 na Hemery shaba kwa 48.52. Tena ikumbukwe kwamba rekodi ya Hemery iliwekwa Mexico, kwenye mwinuko ambako hewa nyepesi huwasaidia wakimbiaji wa mbio fupi. Munich haina msaada huo.

Baada ya utepe hakusimama. Aliendelea kuzunguka uwanja akiwapungia watazamaji mikono, akiruka viunzi vilivyobaki njiani na vingine ambavyo havikuwapo. Nimeiona filamu yake mara nyingi na kila mara hucheka peke yangu. Mtu amekwisha kushinda, hakuna anayemdai kitu, bado anaruka.

Siku tatu baadaye, tarehe 5 Septemba, watu wenye silaha waliingia kwenye kijiji cha wanamichezo na kuwateka Waisraeli, 11 wakauawa. Dunia iliacha kuzungumza juu ya riadha. Tarehe 17 Septemba wapiganaji wa Obote waliivamia Uganda kutoka Tanzania wakashindwa, na hasira ya Amin juu ya Walango ikazidi. Tarehe 21 Septemba askari waliingia Mahakama Kuu mjini Kampala na kumchukua Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa Waziri Mkuu kabla ya uhuru. Hakuonekana tena. Kati ya dhahabu ya Akii-Bua na kutoweka kwa Jaji Mkuu ni siku 19.

Huyo Kiwanuka aliacha ukoo uliotawanyika. Mjukuu wake, Mathias Kiwanuka, alizaliwa Indianapolis na kuwa mchezaji wa kulipwa wa soka la Kimarekani, kwenye mstari wa mbele wa ulinzi wa New York Giants. Timu hiyo ilimchagua katika raundi ya kwanza mwaka 2006, naye alikuwa kikosini ilipotwaa ubingwa mara mbili, Februari 2008 na Februari 2012. Kazi ya watu wa mstari huo ni kuwasukuma majitu wenzao na kumwangusha mpiga pasi wa upande wa pili. Wanalipwa mamilioni kwa maumivu yao. Namtaja hapa kwa sababu Waganda wa Kampala walimfuatilia kwa fahari, na kwa sababu nikimlinganisha na Akii-Bua naona tofauti moja kubwa. Mjukuu aliuza nguvu zake kwa mkataba. Askari wa Lango alikuwa mwanamichezo wa ridhaa, na sheria za Olimpiki za wakati wake zilimkataza kulipwa kwa kukimbia. Chochote alichopata kilikuja kama zawadi, na zawadi ina mtoaji.

Mtoaji alikuwa Amin. Rais huyo alipenda michezo kweli, hilo hatuwezi kumnyima. Alikuwa bingwa wa ndondi nchini katika miaka ya 1950, na alicheza raga pia, mtu wa mbele, wa kusukuma. Bingwa aliporudi kutoka Munich alipokewa kwa shangwe. Alipandishwa cheo, akapewa nyumba, na barabara ikaitwa kwa jina lake. Nyumba za kugawa, kama nilivyokwisha kusema, hazikukosekana Kampala mwaka ule.

Kisha akawa hoja. Kila serikali ya nje ilipouliza kwa nini Walango wanauawa, jibu lilikuwepo tayari: mtazameni Akii-Bua, ni Mlango, ana cheo, ana nyumba, ana barabara. Mtu mmoja aliyefanikiwa alitumika kuwafunika wenzake. Nadhani huo ndio mzigo mzito kuliko fulana yoyote ya Malcolm Arnold, na aliubeba miaka saba.

Wapo wazee, nami nimewasikia kwa masikio yangu katika vibaraza vya hapa Old Kampala, wanaosema kwamba alipaswa kukataa nyumba ile, au kubaki Ulaya baada ya Munich. Nawaheshimu, wengine wao walifiwa. Lakini nauliza: angekataa vipi? Alikuwa askari, na askari hupokea amri. Angebaki Munich, ile familia ya watoto 43 ingejibu kwa niaba yake. Baba yangu alikuwa karani tu, hakuna barabara iliyoitwa kwa jina lake, na hata yeye hadi anakufa ugenini alikuwa akieleza watu kwa nini hakuacha kazi mapema. Sikuwahi kuona jibu lake likimtosheleza mtu ambaye hakuwepo.

Michezoni aliendelea vizuri kwa muda. Januari 1973 alishinda mita 400 viunzi kwenye Michezo ya Afrika mjini Lagos kwa sekunde 48.54. Baada ya hapo macho yote yalielekezwa Montreal, Olimpiki ya 1976, ambako angetetea taji lake mbele ya kijana mpya wa Kimarekani aitwaye Edwin Moses.

Pambano hilo halikuwahi kutokea. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na nchi za Afrika zikadai New Zealand ifukuzwe Montreal. Dai lilipokataliwa, zaidi ya nchi 20 zilisusia, Uganda ikiwemo. Tanzania ilimkosesha Filbert Bayi, Kenya ilikosesha kikosi kizima, na Uganda ikamkosesha Akii-Bua. Tarehe 25 Julai Moses alishinda kwa sekunde 47.63 na rekodi ya Munich ikafutika. Sibishani na ususiaji ule, ubaguzi wa rangi ulistahili kupigwa kwa kila jiwe lililokuwa karibu. Ila jiwe lililorushwa siku ile lilikuwa ni miaka bora ya maisha ya vijana wetu, na hakuna aliyewarudishia.

Kuanzia mwaka 1977 Moses hakushindwa kwa karibu miaka 10. Akii-Bua alishuka taratibu. Mwaka 1978, kwenye Michezo ya Afrika mjini Algiers, alipata fedha nyuma ya Mkenya Daniel Kimaiyo.

Kufikia Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikuwa yakiikaribia Kampala, na mji ulianguka tarehe 11. Akii-Bua alikuwa amebanwa pande mbili. Kwa watu wa Amin alikuwa Mlango, na Walango wenzake ndio waliokuwa wakija na bunduki. Kwa waliokuwa wakija alikuwa mtu wa Amin, aliyekaa kwenye nyumba ya Amin. Akaichukua familia yake na kukimbilia Kenya.

Mkewe alikuwa mjamzito. Kwa taabu za safari ile alijifungua kabla ya wakati, na mtoto akafa baada ya siku chache. Medali haina msaada katika jambo hilo. Bingwa wa Olimpiki aliingizwa kambini pamoja na makarani, walimu, wauza samaki na askari waliotupa sare zao njiani. Mama aliniambia kwamba katika foleni za unga za mwaka ule hukujua aliye mbele yako alikuwa nani nyumbani kwao, na hukuuliza, kwa sababu naye asingependa kukuuliza.

Waliomtoa ni Puma, kampuni ya viatu ya Kijerumani ambayo alikuwa amekimbia na viatu vyake. Ilimpeleka Ujerumani Magharibi na kumpa kazi, akakaa huko kati ya miaka mitatu na minne. Kutoka huko alikwenda Moscow mwaka 1980 kuikimbilia Uganda, nchi ileile aliyoitoroka, na akatolewa katika nusu fainali. Alikuwa na umri wa miaka 30. Hakuwa tena yule wa njia ya kwanza, lakini alivaa rangi za nyumbani, na mimi kama mkimbizi naliona jambo hilo kubwa kuliko mwenye kuzivaa kila siku anavyoweza kuliona.

Baadaye aliacha kazi ya Ujerumani na kurudi Uganda. Watu hushangaa. Ujerumani palikuwa na mshahara na amani, na Uganda ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa na vita vya Luwero na maduka matupu. Mimi sishangai. Nilirudi Kampala mwaka 2003 nikiwa na cheti cha ualimu cha nchi nyingine na Kiganda cha kuokoteza, na wenzangu niliowaacha Kenya waliniona mpumbavu. Ugenini hata ukishiba unakula kama mgeni. Unachagua maneno, unacheka baada ya wengine kucheka, na mtoto wako anapogombana na mtoto wa jirani unamchapa wako bila kuuliza nani alianza.

Alirudi kwenye jeshi la polisi na kufundisha riadha. Hakuwa tajiri. Serikali zilibadilika juu yake, ya Obote, ya Okello, kisha ya Museveni mwaka 1986, na kila moja ilikuwa na mambo yake ya kufikiria kuliko mrukaji viunzi mzee. Vijana aliowafundisha walikosa viwanja, viatu na hata viunzi vyenyewe. Mbio za viunzi ni ghali kwa nchi maskini. Mkimbiaji wa mbio ndefu anahitaji barabara tu, na barabara ya vumbi inatosha, lakini huyu anahitaji viunzi 10 kwa kila njia na uwanja uliopimwa. Ndiyo maana mabingwa waliomfuata wametoka kwenye milima ya Sebei na si Lango, na wote ni wa mbio za masafa.

Hapa kilimani, chini ya msikiti, kipo kituo cha polisi cha Old Kampala. Kwa miaka mingi wakimbizi waliokuja mjini kutoka Kongo na kwingineko waliandikishwa hapo, na wengine walilala nje kwenye baraza na mabegi yao wakingoja zamu. Nilikuwa nikipita asubuhi nikielekea kazini na kuwasikia wakizungumza Kiswahili cha Bukavu na Goma. Kila nilipowaona nilimfikiria Akii-Bua, aliyekaa pande zote mbili za meza ile: askari anayeandika majina, na mkimbizi anayetaja lake.

Alifariki dunia mjini Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47. Nami sasa nina umri huohuo, na ningali naambiwa ni kijana. Mkewe alikuwa amemtangulia. Aliacha watoto 11. Serikali ilimpa mazishi ya kitaifa, na siku hizo magazeti ya Kampala yalichapa tena ile picha ya Munich.

Mwaka 2008 Waingereza walitoa filamu ya maisha yake, wakaiita mkasa wa Kiafrika. Rekodi ya dunia imevunjwa mara kadhaa tangu Moses, na ya Afrika ilikwisha kuchukuliwa na Samuel Matete wa Zambia, aliyekimbia kwa sekunde 47.10 mwaka 1991. Ya Uganda ingali palepale. Hakuna Mganda aliyewahi kuruka viunzi hivyo 10 kwa muda ulio chini ya sekunde 47.82.